Maswali yenu kuhusu dawa za kulevya: kwa nini mtu aanze, na kwa nini kuacha kunamshinda

Nimechagua maswali manane kati ya mliyonitumia. Mengine nimeyafupisha, na majina nimeyaondoa yote. Mimi ni nesi. Siku zangu nyingi za kazi nimekaa na watu wanaotumia, walioacha, na walioacha wakarudia. Ninayowajibu nimejifunza darasani, lakini mengi wamenifundisha wao.

*Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimepewa dakika 40 nizungumze na wanafunzi kuhusu mihadarati. Nimekusanya picha za maiti na za mikono iliyooza kwa sindano. Niwaonyeshe?*

Mwalimu, ziache. Mwanafunzi atashtuka siku hiyo. Kesho yake atamwona jirani anayevuta bangi akicheka na kwenda kazini, na ataamua moyoni kwamba ulimdanganya kwa yote. Siku akiletewa kitu kinachoua kweli, onyo lako litakuwa limeshapoteza nguvu.

Marekani waliwahi kulipata somo hili kwa gharama. Mwaka 1983, mjini Los Angeles, ulianza mpango wa polisi kuingia madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa. Ukaenea karibu nchi nzima. Watafiti walipowafuatilia watoto hao baada ya miaka, waliopitia mpango na ambao hawakuupitia walikuwa wakitumia dawa karibu sawasawa.

Anza kwa kuwauliza wanajua nini. Utashangaa. Kisha wape ukweli wanaoweza kuutumia. Waambie kuwa kunusa gundi au petroli kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kumuua mtu papo hapo, hata kama ni mara yake ya kwanza na ni mzima wa afya. Waambie kuwa ubongo huendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, ile inayomwambia mtu "ngoja kwanza", ndiyo ya mwisho kukamilika. Kwa hiyo anayeanza na miaka 14 hunasa upesi kuliko anayeanza na 24. Halafu tenga dakika kumi za kuwazoesha maneno ya kumjibu rafiki. Wengi niliowahudumia walipewa mara ya kwanza na mtu wanayempenda.

*Shikamoo mama. Kila mtu anajua unga unaua. Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake aanze?*

Marahaba mwanangu. Anaanza kwa sababu mwanzoni unga, yaani heroini, unamsaidia. Najua neno hili linawaudhi wazazi, lakini tusipolisema hatutaelewa chochote kinachofuata.

Kijana mmoja alinieleza, huku akikwangua ukucha wa kidole gumba mpaka ukatoka damu, kwamba siku aliyovuta mara ya kwanza ndiyo siku aliyolala usiku kucha bila kuamshwa na sauti ya baba yake kichwani. Alikuwa na miaka 16, na alikuwa anatafuta usingizi. Mwingine alikuwa dereva wa safari za usiku, akaanza na vidonge vya kumweka macho, akahitaji vingine vya kumlaza. Yupo aliyeanza na maumivu ya mgongo na cheti halali cha daktari. Yupo aliyetaka tu kukubaliwa kwenye kundi. Na wapo, tuseme ukweli, walioanza kwa udadisi, jioni moja, bila shida yoyote.

Sasa angalia kinachotokea ndani. Ubongo una njia ya kututuza: ukila ukiwa na njaa au ukikumbatiwa na mtu umpendaye, kemikali iitwayo dopamini humwagika na ubongo unakumbuka, "hili lirudiwe". Dawa za kulevya huifungulia njia hiyo kwa nguvu ambayo chakula na kumbatio haviwezi kufikia. Mafuriko yakirudi kila siku, ubongo hujikinga kwa kupunguza milango ya kuipokea kemikali hiyo. Hapo dozi ya jana haitoshi tena. Na mambo ya kawaida yanachuja, mpira, muziki, hata mtoto wake mwenyewe anapomkimbilia mlangoni. Mke huona ubaridi huo akadhani amechukiwa.

Kisha inakuja arosto, mateso ya mwili uliozoea dawa ukiikosa. Kwa heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho: miayo isiyokoma, machozi na makamasi, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, na kilele chake ni siku ya pili au ya tatu. Ukimwona mtu ameinama anajikunyata jua likiwaka, ujue yuko humo. Raha ilishakwisha zamani. Anatumia ili aweze kusimama na kuvaa viatu.

Urithi nao una mkono wake; inakadiriwa karibu nusu ya hatari ya kunasa hutokana nao. Ndugu wawili huonja siku moja, mmoja akasahau, mwingine akazama. Aliyesahau asijione shujaa.

Na mazingira yana nguvu kuliko tunavyodhani. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwaka 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini akiwa vitani. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, ni asilimia 5 hivi tu ya waraibu hao walioingia tena kwenye uraibu. Heroini ilikuwepo nyumbani pia. Walikuwa wametoka kwenye hofu ya kila siku, wamerudi kwa watu wao na kazi zao.

Kwa hiyo mimi mtu akifika, simwulizi "kwa nini unajiharibu?" Namwuliza, "Inakusaidia nini?" Jibu lake ndilo linaloniambia nianzie wapi.

*Tramadoli inauzwa duka la dawa, ina boksi na jina la kiwanda. Nayo ni dawa ya kulevya?*

Inaweza kuwa. Boksi halibadilishi kilichomo. Heroini yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza na mkemia mjini London mwaka 1874, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza kama dawa ya kikohozi.

Tramadoli ni ya ukoo huohuo wa afyuni. Imetengenezwa kwa maumivu, na kwa maumivu inafaa. Ukizidisha inaweza kukuletea degedege, na ukiichanganya na pombe au vidonge vya usingizi pumzi inaweza kupungua mpaka ikakatika. Kodeini ya kwenye dawa za kikohozi nayo, ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuka kuwa mofini, nayo ya ukoo wa afyuni. Wanaokunywa chupa nzima wajue wanakunywa nini. Vidonge vya mitaani ni balaa zaidi, maana baadhi huchanganywa na fentanili, ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini, na kwa macho huwezi kuitambua. Kama umeandikiwa, meza ulivyoandikiwa. Ukiona maumivu yameisha lakini bado unakitafuta kidonge, rudi kwa aliyekuandikia umwambie hivyohivyo.

*Bangi ni mmea tu. Kwa nini mnaitisha watu?*

Afyuni hutoka kwenye ua, kokeini hutoka kwenye jani. Lakini sitakudanganya, kaka: bangi haizimi pumzi kama heroini, na wengi wanaoijaribu hawanasi. Hunasa takriban mmoja kati ya kumi, na kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni kama mmoja kati ya sita. Ninachokiogopa zaidi ni akili. Kama kwenu kuna historia ya ugonjwa wa akili, na unavuta bangi kali kila siku tangu ujana, unajiongezea hatari ya kusikia sauti na kuona watu wanakuwinda. Wakati mwingine ukishaacha zinaondoka. Wakati mwingine haziondoki.

*Nimekuta foili iliyoungua kwenye suruali ya mwanangu. Vitu vinapotea ndani. Nifanyeje?*

Pole sana, mama. Foili yenye michirizi myeusi mara nyingi ni ya kuvutia heroini, ila peke yake haitoshi kuhukumu. Tazama macho: mboni zilizosinyaa kama tundu la sindano hata mahali penye giza. Tazama kusinzia kwa ajabu, amekaa, kichwa kinashuka polepole, sigara inamfikia vidoleni hasikii. Nguo za mikono mirefu siku za joto. Akitumia vichangamshi ni kinyume: mboni pana, hapati usingizi, hali chakula, anaongea bila kituo.

Usimkabili akiwa amelewa wala akiwa na arosto. Usimkabili mbele ya wadogo zake. Mtafute ametulia, mko wawili, umwambie kitu kama: "Mwanangu, nimeona foili. Sijaja kukupiga. Naogopa kukupoteza, nataka unieleze." Halafu nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi wanaposhindwa. Kimya kinawatesa, wanakijaza kwa matusi. Akikana, mwache, rudi siku nyingine kwa maneno hayohayo.

Fedha mkononi usimpe. Chakula na mahali pa kulala usimnyime, ukiweza. Na nakusihi, usimfungie chumbani wala kumfunga kamba ili aache kwa nguvu. Nimepokea watu waliofungwa hivyo, wakaja na vidonda vya kamba na hasira, na uraibu ukiwa palepale. Mpeleke kwenye kliniki ya waraibu, na wewe mwenyewe tafuta wa kuzungumza naye. Umebeba mzigo mkubwa.

*Mume wangu anakunywa kila siku kwa miaka 15. Ameapa kuacha pombe kuanzia kesho. Nimpongeze?*

Mpongeze, lakini kesho mwende hospitali kwanza. Mlevi wa muda mrefu akikata pombe ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili, na siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa, akatetemeka, akaona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu ni vilevile, hupunguzwa kidogokidogo chini ya daktari. Arosto ya heroini inatesa mno, lakini yenyewe huua mara chache.

*Methadoni si ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine?*

Naulizwa hili karibu kila wiki, na wanaoumia kwa swali hili ni wagonjwa. Methadoni ni dawa anayopewa mraibu kliniki ishike nafasi ya heroini. Hunywewa, haidungwi. Inapanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo aliyefikia dozi yake halewi na hapati arosto. Anakunywa asubuhi, anaenda kazini. Hagawani sindano na mtu, hivyo hatari ya Virusi vya Ukimwi na homa ya ini C inapungua sana. Haibi. Anayeipata ana uwezekano mdogo sana wa kufa kuliko aliyeachwa bila tiba. Bado mwili wake unaitegemea, ndiyo, kama mwenye kisukari anavyotegemea insulini. Wengine huipunguza na kuimaliza baada ya miaka, wengine huendelea nayo. Kwangu, mtu aliye hai akimpeleka mtoto wake shule amepona vya kutosha.

*Mdogo wangu ametoka nyumba ya upataji nafuu baada ya miezi minne. Ni mara ya tatu. Mara mbili zilizopita alirudia. Nimekata tamaa. Nijiandaeje?*

Usikate tamaa, dada. Kurudia huwapata kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa, karibu sawa na wenye shinikizo la damu au pumu wanaoteleza kwenye matibabu yao. Mgonjwa wa pumu akizidiwa tena hatumfukuzi nyumbani.

Jambo la kukushughulisha sasa ni hili: wiki hizi za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Kwa miezi minne mwili wake umesahau unga. Akirudia kwa dozi aliyokuwa akitumia zamani, inaweza kumuua. Mwambie hivyo waziwazi. Huko si kumruhusu. Mwambie pia asitumie kamwe akiwa peke yake amejifungia mlango. Kama kliniki yenu inatoa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, chukueni, iwekwe mahali kila mtu nyumbani anapajua.

Ukimkuta haamki, mwite kwa sauti, msugue kwa nguvu mfupa wa kifuani kwa vifundo vya ngumi. Tazama midomo na kucha kama zimegeuka buluu au kijivu. Sikiliza: sauti ya kukoroma yenye maji kooni mara nyingi watu huidhania usingizi mzito, wakamfunika shuka na kumwacha. Hiyo ni pumzi inayokatika. Piga simu ya dharura. Mpe naloksoni. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Usimmwagie maji, usimpe chochote cha kunywa, usimdunge chumvi. Akianza kupumua mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, ili akitapika asipaliwe. Dakika mbili tatu zikipita bila mabadiliko, mpe naloksoni ya pili.

Akizinduka atakuwa na arosto na atakukasirikia, atataka kuondoka akatafute tena. Mzuie kwa upole. Naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kuwa bado umo mwilini, akazama upya. Kaa naye mpaka wahudumu wafike, na usiku huo mtu mmoja abaki macho kando yake.