Unataka Kusomea Udaktari wa Meno? Anza na Mikono

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wa Arusha na Moshi wanaotaka udaktari wa meno hukimbilia jambo lile lile: kutafuta vitabu vya anatomia na kuanza kukariri kabla chuo hakijafunguliwa. Nia ni njema, ila nguvu inakwenda pasipohitajika sana. Anatomia, fiziolojia na baiokemia utafundishwa, utapimwa, utarudia mpaka zikae. Mikono ndiyo inayowasumbua wengi. Mtu mwenye alama nzuri anaingia maabara ya kuchonga meno, anapewa nta na kisu, na hapo ndipo anapogundua kwamba vidole vyake havijawahi kufundishwa kazi ndogo. Miezi kati ya mtihani wa Mei na kufunguliwa kwa vyuo, hata ukitoa muda wa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), inatosha kuvifundisha.

Kwanza ujue safari ilivyo. Shahada hii ya udaktari wa meno, DDS, ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, hospitalini kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Chuo chenye uzoefu mrefu zaidi wa kuifundisha nchini ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam, kwa hiyo kijana wa huku kaskazini ajiandae kuhama nyumbani. Vigezo vya chini vilivyo kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) vinakupa haki ya kuomba tu. Nafasi ni chache na wanaochaguliwa huwa na alama za juu zaidi ya hapo. Ukikosa, stashahada ya utabibu wa meno ni njia halali ya kuingia kwenye fani, na hakuna aibu ndani yake.

Mche wa sabuni

Nunua mche wa sabuni ya kufulia, ule mgumu. Tafuta kisu chembamba cha kukatia karatasi, rula yenye milimita, penseli na msasa laini. Sabuni mbichi hunata kwenye kisu na kumeguka. Iliyokaa mno hupasuka. Iache kivulini siku mbili tatu, kisha kata bonge la urefu wa milimita 75, upana 30 na kina 25.

Jino la kuanza nalo ni la mbele, la juu, la katikati. Vipimo vya wastani vinavyotumika kufundishia ni hivi: taji, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, urefu wa milimita 10.5, mzizi 13, upana wa taji 8.5, kina kutoka mbele kwenda nyuma 7. Shingoni, pale taji linapokutana na mzizi, upana hupungua hadi 7 na kina hadi 6. Zidisha vyote kwa 3. Utapata taji la milimita 31.5 na mzizi wa 39, jumla 70.5, ndiyo maana bonge lina 75.

Chora umbo la mbele kwenye uso mpana wa bonge. Kata kulia na kushoto, ukiishia nusu milimita nje ya mstari. Usiguse kona. Sasa geuza bonge, chora umbo la ubavuni, kata tena. Ukifika hapo utakuwa na jino lenye pembe nne, baya kulitazama, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kuzungusha kona ni kazi ya mwisho kabisa. Kosa linaloharibu meno mengi ya wanafunzi ni kuanza kulainisha mapema kwa sababu jino halisi ni la mviringo. Ukishapoteza nyuso bapa, rula haina tena mahali pa kushika; kuanzia hapo unakisia, na kila kisio kinaondoa sabuni ambayo hairudi.

Ondoa maganda membamba, kamwe usichimbe. Na kidole cha pete cha mkono wenye kisu kikae muda wote kimeegemea kwenye sabuni au kwenye mkono wa pili. Huu si urembo. Ndani ya mdomo wa mgonjwa, kidole hicho huegemea jino la jirani, na mgonjwa akishtuka, mkono wako unakwenda naye badala ya kifaa kuteleza na kuchana fizi au ulimi. Anayechonga mkono ukielea hewani hujenga tabia ambayo walimu watatumia miezi kuivunja.

Ukimaliza, jiulize: hili ni la kulia au la kushoto? Kona inayoelekea katikati ya mdomo ni kali, karibu pembe mraba. Ile ya upande wa pili imeviringika zaidi. Ncha ya mzizi mara nyingi huinama kidogo kuelekea upande huo wa pili. Nyuma ya taji, karibu na fizi, kuna kivimbe kidogo. Kama alama hizo hazionekani, umechonga kigingi. Rudia. Gego la kwanza la chini, lenye vilele 5 na mizizi 2, lisubiri mpaka jino la mbele likutii.

Zoezi la pili linahitaji kioo kidogo tu. Chora nyota yenye mistari miwili sambamba, weka kioo mbele yake, ziba karatasi usiione moja kwa moja, kisha pitisha penseli katikati ya mistari huku ukitazama kwenye kioo pekee. Mwanzoni mkono utakwenda kinyume kabisa. Dakika 10 kila siku ni bora kuliko saa nzima Jumamosi, kwa sababu ubongo unapanga upya uhusiano wa jicho na mkono taratibu. Sehemu ya nyuma ya meno ya juu huonekana vizuri kwa kioo tu. Anayeogopa kioo hupinda mgongo na shingo ili aone moja kwa moja, na maumivu ya mgongo ni mojawapo ya mambo yanayofupisha maisha ya kazi hii.

Unayetumia mkono wa kushoto, sema mapema siku ya kwanza ya maabara. Viti na trei nyingi hupangwa kwa wanaotumia kulia, na kuhamisha mpangilio ni rahisi kuliko kujilazimisha kimya kimya. Kapime macho pia, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, kwa sababu kuchagua rangi ya jino bandia au ya kujazia ni kazi ya jicho.

Kaa kliniki, utazame

Andika barua kwa Mganga Mfawidhi au uongozi wa hospitali iliyo karibu nawe, Mount Meru kwa walio Arusha, Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi, ukiomba ruhusa ya kutazama kazi katika kitengo cha kinywa na meno kwa wiki moja au mbili. Ambatisha nakala ya matokeo na kitambulisho. Ukikubaliwa: viatu vya kufunika vidole, kucha fupi, simu mfukoni. Hupigi picha, hugusi trei, na habari za mgonjwa haziendi nyumbani nawe hata kama ni jirani yenu.

Utaona kung'oa kwingi kuliko kuziba. Wengi huja jino likiwa limeshawanyima usingizi, wakati lingeweza kuzibwa mapema. Usiishie kuona damu na sindano; sikiliza maswali ya daktari. Je, linauma ukinywa maji baridi tu, kisha linaacha? Hapo kiini cha jino, ile sehemu laini ya ndani yenye neva, huenda bado kinaweza kuokolewa. Linauma lenyewe, linakuamsha usiku, maumivu yanadumu? Kiini kimeharibika kiasi cha kutopona, na yanabaki matibabu ya mzizi au kung'oa. Linauma ukilitafunia au ukiligonga? Tatizo limefika kwenye ncha ya mzizi au tishu zinazoushikilia. Maswali hayo machache yanaongoza sehemu kubwa ya uamuzi, na yanaulizwa kwa Kiswahili cha kawaida, tena kwa upole: "Mama, pole, linakuuma zaidi saa ngapi?" Masomo yako yatakuwa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wako watazungumza Kiswahili.

Jifunze pia namba, maana utazisikia tangu siku ya kwanza. Mdomo una robo nne: juu kulia ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako uliyesimama mbele yake. Hapo ndipo wapya wanapokosea. Ndani ya kila robo unahesabu kutoka katikati, 1 hadi 8. Meno ya utotoni, ambayo ni 20, hutumia robo 5 hadi 8 na hesabu ya 1 hadi 5. Jino 36, basi, ni gego la kwanza la chini kushoto. Huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni bila kung'oa lolote, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani nalo litabadilika. Linaachwa lioze, na halina mbadala.

Meno ya kahawia ya huku kwetu

Hili kijana wa Arusha au Moshi anapaswa kulijua kuliko mwenzake yeyote darasani. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru, maeneo kama Maji ya Chai, Ngurdoto na Oldonyo Sambu, yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa zaidi ya hapo wakati taji za meno ya kudumu zinaundwa ndani ya taya, kwa meno ya mbele ni tangu uchanga hadi miaka 4 au 5, enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, inatoka na madoa meupe au ya kahawia, wakati mwingine na vishimo. Kiasi kikiwa kikubwa mno, mifupa nayo inapinda.

Utaulizwa maswali haya maisha yako yote ya kazi, kwa hiyo jifunze kuyajibu sasa. Madoa hayo hayatokani na uchafu, na kupiga mswaki kwa nguvu au kwa majivu hakuyaondoi. Kunakwangua enameli tu. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, kiasi kwa kila lita kinapanda. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yanaweza kuongeza mzigo. Njia inayojulikana hapa ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto. Nenda ukajionee, ni elimu ambayo wenzako wa mikoa mingine wataisoma kitabuni tu.

Kuwa mwangalifu na jambo moja. Watu wakisikia floraidi ni mbaya, wanaacha dawa ya meno. Waeleze tofauti: dawa ya meno inatemwa, maji yanamezwa. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere.

Na ukutane mapema na habari ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, fizi zake zikionekana nyeupe pale chonge linapojiandaa kuota, baadhi ya familia huamini hayo ndiyo yanayomuumiza na humpeleka kuchimbuliwa kwa kifaa chochote chenye ncha. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi. Mtoto anaweza kupata maambukizi makali, na chonge la kudumu lililo chini yake linaweza kuota limeharibika au lisiote kabisa, huku kuhara kwenyewe kukiachwa bila matibabu. Anayewadharau wazazi hao hasikilizwi. Anza na ugonjwa wa mtoto, mpe maji yenye chumvichumvi za ORS, kisha ndipo uzungumzie fizi.

Chanjo kabla ya sindano

Kinga dhidi ya homa ya ini B usiisubirishe mpaka uanze kliniki. Chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo huenda ulichanjwa uchangani, lakini kinga hushuka kadiri miaka inavyopita. Pima kwanza kama huna virusi, kisha pima kiwango cha kinga. Kinachotakiwa ni angalau miliyuniti 10 kwa mililita, zile zinazoandikwa mIU kwenye majibu ya maabara. Kama hukuchanjwa, dozi ni 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ya kwanza, kisha upimwe mwezi mmoja au miwili baadaye. Ukianza Agosti, unamaliza Februari. Ndiyo sababu wanaongoja barua ya kliniki huchelewa.

Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue wala kunyonya, toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72, zikitumiwa siku 28. Wengi hujichoma wakati wa kurudisha kifuniko kwa mikono miwili. Laza kifuniko mezani, kichote kwa sindano kwa mkono mmoja.

Makaratasi nayo yana muda wake. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa ajili ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), na aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Jina liwe sawa herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha kidato cha sita. Kama kuna tofauti, tengeneza kiapo cha majina mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.