Prosesa zimewashwa, leseni ya IBM i inalalamika

Pole mkuu. Umewasha prosesa 2 zilizokuwa zimelala kwenye Power (seva ya IBM), na sasa QSYSOPR, foleni ya ujumbe wa mwendeshaji, inajaa ujumbe kwamba kikomo cha leseni kimepitwa. Ni kawaida: msimbo wa kuwasha unafungua chuma tu, hauongezi leseni ya IBM i, yaani mfumo endeshi wenyewe.

Usinunue kitu bado. Piga amri ya WRKLICINF, kisha F11, uone kikomo chako cha leseni. Halafu nenda HMC (konsoli ya kusimamia seva) uangalie kila patisheni, yaani kila kipande cha seva, ya IBM i. Mchawi huwa ni ile isiyofungwa (uncapped, inayoruhusiwa kutumia zaidi ya ilichopewa): umeipa 0.8 ya prosesa, lakini prosesa pepe (virtual) ni 4, basi inahesabiwa 4, hata kama usiku kucha imelala. Ipunguzie prosesa pepe, au ifunge, ihesabiwe 0.8 yake. Na ubadilishe kwenye profaili (mipangilio ya patisheni iliyohifadhiwa) pia, la sivyo ukiizima na kuiwasha upya mambo yanarudi palepale (mimi yalinikuta, Jumatatu asubuhi).

Patisheni za AIX na Linux hazihesabiwi hapa. Kama kweli IBM i inazihitaji hizo 2, hapo ndipo ununue leseni na uingize ufunguo wake kwa amri ya ADDLICKEY.