Kuta za Njia ya Chakula: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Nauza supu Ngamiani. Nikisafisha utumbo wa mbuzi naona ngozi juu ya ngozi. Je, wa binadamu nao uko hivyo?

Ndivyo ulivyo. Tangu umio hadi utumbo mpana, ukuta una tabaka nne. Ule utelezi unaotoka unapokwangua utumbo kwa kisu ni sehemu ya utando wa ndani, unaogusana na chakula. Chini yake kuna tishu legevu inayopitisha mishipa ya damu, kisha misuli, ambayo ndiyo hasa mlaji huitafuna, na nje kabisa ngozi nyembamba inayong'aa. Ila lile tumbo kubwa lenye vinyweleo lisikupotoshe: tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na kinachofanana na tumbo letu ni cha nne, kwani ndicho kinachotoa tindikali.

Kama tindikali huyeyusha nyama, mbona tumbo lenyewe haliyeyuki? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Tumbo limefunikwa na safu moja tu ya seli ndefu, lakini seli hizo zimeshikana barabara, hujipaka ute mzito wenye bikaboneti inayopoza tindikali, na zilizochakaa hubadilishwa kila baada ya siku chache. Ulinzi huo ukivunjika, kidonda huanza. Watu wengi huilaumu pilipili, ilhali visababishi vikuu ni viwili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na dawa za maumivu kama diklofenaki. Naomba sana wasomaji wasizimeze dawa hizo kiholela kila mgongo unapouma, kwa kuwa hupunguza ute uleule unaolilinda tumbo.

Nikitoka baharini nikala na kulala papo hapo, chakula kitashuka? (Mvuvi, Sahare)

Kitashuka, kwa sababu misuli hukisukuma kwa zamu, ikiongozwa na neva zilizo katikati yake. Hata hivyo sikushauri: ukilala, tindikali hupanda kwa urahisi kwenye umio, ambao seli zake zimepangwa safu nyingi ili kustahimili msuguano wa muhogo mkavu, si ukali wa tindikali. Kiungulia hutokana na hilo.

Mwanangu aliharisha sana. Sasa amepona, lakini akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo hujaa gesi. Kwa nini? (Mama, Pangani)

Utando wa utumbo mwembamba umeota vijidole vingi vyenye urefu wa takriban milimita moja, na seli zilizo juu yake hutengeneza kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Virusi vya kuharisha, hasa vya rota, huziua seli hizo, kwa hiyo sukari hupita bila kuvunjwa hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha ikatoa gesi. Seli mpya huzaliwa kwenye vishimo vilivyo kati ya vijidole na kupanda juu, hivyo kwa kawaida hali hiyo huisha baada ya wiki chache. Punguza maziwa ya ng'ombe kwa muda, lakini kama bado ananyonya usimwachishe, na akianza kuharisha tena au kupungua uzito mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.