Wachezaji wakikupiga chenga usiwashike jezi

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Morogoro, ameanza kuendesha D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, mwendeshaji anatunga dunia na wachezaji wanaamua watu wao wafanye nini) mwaka huu na wenzake wanne, anasema kaka nataka kuacha. Kisa nini, alitunga hadithi nzima ya pete ya mfalme, wachezaji wake wakaipata sesheni ya pili tu, na kabla hajaanza kuwaelezea ina nini wakaenda nayo sokoni wakaiuza vipande 50 vya dhahabu, wakagawana. Sasa anauliza alichome moto lile duka usiku ili pete irudi, au afanyeje.

Nimeisoma ile meseji mara tatu maana huyo ni mimi kabisa, mimi wa miaka mitatu iliyopita. Na imenikuta wiki moja tu baada ya Jumamosi ambayo naiona ndiyo sesheni bora niliyowahi kuendesha tangu nishike dadu, kwa hiyo ngoja nisimulie.

Kampeni yangu, yaani ile hadithi ndefu tunayoiendeleza kila sesheni, naendesha kwa Kiswahili, hapa Dar, sebuleni kwangu, wachezaji watano, karakta wao, yaani watu wanaowaigiza, wako leveli ya 4 ya nguvu na ujuzi. Mji wenyewe ni wa pwani, nimeutunga nikiiwaza Kilwa Kisiwani enzi zile dhahabu ya Sofala inapita pale, nyumba za matumbawe, majahazi bandarini, na Liwali mmoja katili amekaa kwenye ngome na daftari la madeni ya nusu ya mji. Kazi yao ilikuwa kuliiba lile daftari. Nikakaa wiki tatu naichora ngome. Vyumba 14, kisima chenye njia ya chini kwa chini, walinzi na zamu zao, mbwa, mitego miwili ya sumu, kila kitu na namba yake. Siku tatu mfululizo nililala saa nane usiku na asubuhi kazini nipo.

Basi siku ikafika, tumekula chapati, nikawaelezea ngome ilivyo, giza, ukuta mrefu, mienge ya walinzi juu, nikanyamaza nasubiri waseme tunapanda ukuta au tunapita kisimani. Yule jamaa anayecheza manju, yaani mwimbaji mwenye maneno matamu, mtaani ni fundi simu na huwa haongei sana, akauliza: "Liwali ana mtoto wa kike?"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Nikaangalia karatasi zangu kama vile jibu limo. Nikasema anaye.

"Basi twende tukapose."

Meza nzima ikalipuka. Paladini, yule shujaa wa kidini, akawa mshenga kwa sababu ana sauti ya utu uzima, mchawi akatumia speli ya kujigeuza sura akawa shangazi, wakanunua halua na kanga. Halafu fundi simu akachana karatasi kwenye daftari langu, akaandika barua ya posa kweli kweli kwa kalamu, akaikunja, akaifunga kwenye leso yake ya mfukoni na sarafu mbili za mia mbili ndani, akanisukumia mezani kwa mikono miwili. Akasema, sisi wageni wenu, tumekuja kwa heri, tumeona ua ndani ya nyumba hii.

Mtu wa pwani anajua, mgeni akija na posa humfukuzi mlangoni, unamkaribisha na kumlisha hata kama jibu utalitoa mwezi ujao. Kwa hiyo wale wanapita mlango mkubwa, na wiki zangu tatu za kisima na mbwa na mitego zimebaki kwenye karatasi.

Iliniuma, siwafichi. Nilikuwa na sentensi tayari, "Liwali leo hapokei wageni", ilishafika kwenye meno. Nikaimeza. Nikajiuliza tu huyu Liwali ni mtu gani, nikakumbuka ni mtu wa ukoo na heshima, nikamfanya aulize: ninyi watoto wa nani, na kwenu wapi? Nikamwambia manju arushe dadu ya pande 20, ukijumlisha na ujuzi wake nataka ifike 20, ambayo kwa kitabu cha sheria ni ngumu, maana ya wastani ni 15. Akarusha. Dadu ikagonga glasi ya juisi, ikazunguka, ikasimama 17, na yeye anajumlisha 5 za ujuzi wake, kapita. Wakati anasimulia ukoo wake wa uongo hadi babu wa nne, mwizi wao kaomba kuonyeshwa choo. Daftari likatoka ngomeni chini ya kanga. Kwa muda wa saa tatu nzima hakuna upanga uliochomolewa na hakuna aliyeshika simu.

Ila Liwali naye kampenda yule kijana. Posa imekubaliwa.

Sasa kwa nini niliimeza ile sentensi. Miaka mitatu nyuma tulikuwa na dada mmoja mezani anacheza druidi, yaani mchawi wa porini, rafiki yangu wa siku nyingi. Niliandaa vita darajani, majambazi tisa na punda wao, vita niliyoipenda sana. Yeye akasema natumia speli ya kuongea na wanyama, nataka niwasikilize punda, wanapigwa? wanalishwa? labda watatusaidia. Nikasema punda wamekataa. Hata dadu sikumpa arushe. Akasema basi nawakata kamba, nikasema kamba ni za chuma. Akasema basi narudi mtoni nitafute kivuko kingine, nikasema maji yamejaa. Mara tatu. Akaiweka dadu yake ya kijani mezani taratibu, akasema, "Basi si useme tu unataka tufanye nini." Vita nikaipata, ilikuwa mbovu, aliondoka mapema na hajarudi tena. Tunasalimiana, tunatakiana Eid njema, lakini mezani hajarudi, na mimi ile "punda wamekataa" naisikia mpaka leo nikiwa kwenye daladala.

Jamani wachezaji wakikufanyia kitu hujakiandaa hawajakuvunjia mchezo, huo ndio mchezo wenyewe. Mnajua hata huu mchezo ulitokea wapi? Mwaka 1969 kule Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon kwenye mji wa kubuni wa Kijerumani unaitwa Braunstein, akampa kila mchezaji mtu wake, huyu meya, huyu mwanafunzi. Watu badala ya kusubiri vita wakaanza kuzurura na kula njama, wawili wakataka kupigana wao kwa wao na hakuwa na sheria ya hilo, akaitunga pale pale. Alitoka pale akiamini amefeli, wenzake wanamuuliza lini tena. Dave Arneson alikuwa kwenye kundi hilo, na mchezo mwingine wa Wesely alicheza mwanaharakati wa kugawa vipeperushi, akawaaminisha wenzake yeye ni mtu wa CIA, akaishia kuondoka na helikopta na hela za nchi. Huyo huyo Arneson ndiye aliyetoa D&D mwaka 1974 na Gary Gygax. Tungekuwa na nini leo kama Wesely angesema helikopta imekataa?

Kwa hiyo acha kuandaa watakachofanya. Andaa watu wanataka nini. Liwali anataka nini, anaogopa nini, anamheshimu nani, hapo wakija na upanga au na halua unajua atajibu vipi. Ukikwama sema naenda kunywa maji, dakika tano, hakuna aliyekufa kwa kusubiri dakika tano, mimi siku ile nilienda jikoni mara mbili. Na usiseme hapana, sema bei. Nataka 20, au itakugharimu, au sawa ila sasa una mchumba. Kumbuka tu 20 ya dadu ni ushindi wa moja kwa moja kwenye shambulio, siyo kwenye kuongea, watu wanachanganya sana hapo mpaka manju anadai apewe ufalme. Na ile ramani usiitupe, yangu nitaitumia, harusi itafanyika ndani ya ngome.

Jumamosi hii wanaenda kujadili mahari na nimeandaa karatasi moja tu.

Kwa hiyo kijana wangu wa Morogoro, usilichome lile duka. Niambie kwanza, aliyeinunua hiyo pete ni nani, na ana shida gani?