Mzazi mwenzangu, hesabu mirusho ya mwanao

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, kila msimu nakutana na wengi wetu pembezoni mwa viwanja vya besiboli, mchezo ambao hatukukua nao. Mwanangu ni mrushaji, yule anayesimama juu ya kituta katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Nafasi hiyo ina sifa tele, ila ndiyo inayokula kiwiko. Basi shika daftari, uhesabu mirusho yake wewe mwenyewe.

Ipo miongozo ya Pitch Smart, iliyotolewa mwaka 2014 na Major League Baseball, ligi kuu ya besiboli ya kulipwa, pamoja na USA Baseball, shirikisho la taifa la mchezo huo. Mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku; wa 13 au 14, mwisho 95. Akifikisha 66, apumzike siku 4 kabla ya kurusha tena kwenye mechi. Shida huanza mtoto anapokuwa na timu mbili. Kocha wa shule anahesabu ya kwake, wa klabu ya wikendi anahesabu ya kwake, na hawaulizani. Anayeiona yote ni wewe unayemwendesha. Mimi kila mrusho napiga kijistari, vikifika vitano nafunga fungu, timu zote kwenye ukurasa mmoja.

Najua kinachotuzuia. Tumelelewa kutombishia mwalimu, na kocha tunamweka humo humo. Lakini kumwonyesha daftari kwa adabu si kumkosea heshima. Mwambie, "Kocha, juzi alirusha sabini kwenye timu nyingine, leo naomba acheze nafasi nyingine." Ila asiwe mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira, maana naye huurudisha kwa kuurusha mechi nzima.

Lipo pia jambo linaloniumiza sana kulisikia: "Hata ligamenti ya kiwiko, ule utepe unaoshikanisha mfupa na mfupa, ikikatika, si kuna upasuaji wa Tommy John? Wanarudi na nguvu zaidi." Tafadhali msiamini hivyo. Tommy John alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu ya Los Angeles Dodgers. Julai 1974, akiwa na miaka 31, ligamenti ya kiwiko ikamkatika. Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mifupa ya kiwiko cha kushoto. Hakuna mrushaji aliyewahi kufanyiwa hivyo kabla yake. Neva ya mkono ikapata hitilafu, vidole vikakosa nguvu, akapasuliwa tena. Msimu wote wa 1975 hakucheza.

Alirudi 1976 na akadumu hadi 1989, akiwa na miaka 46. Kati ya mechi 288 alizohesabiwa kuwa mrushaji mshindi, 164 zilikuja baada ya upasuaji. Namheshimu mno. Lakini alikuwa mtu mzima aliyekomaa mifupa, na silaha yake haikuwa kasi, bali mpira unaozama unapomfikia mpigaji. Upasuaji ule hutengeneza kilichokatika; haumwongezei mtu kasi. Kwa mtoto hali ni nyingine kabisa, kwa sababu mara nyingi kinachoumia kwanza ni sehemu ya mfupa ambayo bado inakua.

Kwa hiyo mtazame. Akichoka, kiwiko huanza kushuka na mipira kupaa juu ya kichwa cha mdakaji. Atakung'uta mkono kati ya mrusho na mrusho. Kwenye gari atafungua chupa ya maji kwa mkono asioutumia kurushia. Ukimuuliza atasema hana kitu, kwani anaogopa kukaa benchi. Mbonyeze taratibu upande wa ndani wa kiwiko. Akishtuka, kurusha kusimame siku hiyo hiyo, na usimpe dawa ya maumivu ili amalizie mechi. Tafuta daktari wa michezo anayetibu watoto, nenda na daftari lako, na mwombe akupe kwa maandishi tarehe ya kurudi uwanjani, ili kocha aisome mwenyewe.