Kabla ya kununua baiskeli, chukua penseli

Baiskeli yangu ya kwanza ya maana niliichagua kwa macho. Nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi za milimita 25. Kutoka Bombo hadi Kampala, kwenye lami kavu, ilikwenda kama mshale. Jumamosi moja ya Aprili, mvua imenyesha usiku kucha, nikakatisha njia za vijijini Luwero. Udongo mwekundu ukashindiliwa kati ya tairi na breki mpaka gurudumu likagoma. Nikaitia begani. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akasimama, akaegemea jembe: "Mjukuu wangu, leo baiskeli ndiyo imekupanda!"

Tangu siku hiyo natazama pengo kati ya tairi na fremu kabla ya rangi. Gia utabadilisha, kiti utabadilisha, lakini nafasi iliyoachwa na fremu ndiyo hiyo hiyo. Nikienda kwa wauza baiskeli za mitumba Kampala natia penseli mfukoni. Naomba zifungwe tairi za upana ninaoutaka, kisha naipitisha penseli kati ya tairi na foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, halafu nyuma, jirani na pedali, maana huko ndiko hubana zaidi. Ikipita kila upande, tope nalo litapita. Usisikilize kiapo. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba fremu yake inameza tairi za milimita 40; tulipozifunga zikawa zinasugua.

Utasema wewe hupandi vumbi, ni lami tu. Basi hujapanda Barabara ya Bombo jioni. Lori linapiga honi nyuma, jingine linakuja mbele, na wewe huna pa kwenda ila pembeni, ambako lami imemomonyoka na kuacha ngazi, chini yake kokoto. Hapo tairi nyembamba ni pancha, au meno.

Sasa natumia 38, laini katikati, zenye vinundu pembeni. Nina kilo 72: kwenye lami natia upepo pauni 40 (psi), vumbini napunguza hadi 32 hivi. Kufika Kampala nachelewa dakika chache tu, na mikono haifi ganzi.

Breki nimechagua diski za waya. Za mafuta zinakamata vizuri zaidi, sibishi, lakini zikiingia hewa ukiwa Wobulenzi, nani atakutolea? Gia nyepesi mbele ni meno 30, nyuma 34. Kwa wanaoishi Kabale, kwenye milima, hilo si jambo la kujadili.

Na valvu! Tafuta rimu zenye tundu la valvu nene, ile ya bodaboda, upate upepo kwa fundi yeyote. Ila tairi usitegemee kuazima. Ile baiskeli ya mizigo ya inchi 28, ambayo Waganda huiita maanyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua, rimu yake ni milimita 635. Hizi zetu nyepesi ni 622. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshasukuma kilomita sita, tairi imechanika, na duka zima limejaa za 635.