Chenga juu, chokaa chini

SWALI: Nachanganya kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai kwa koleo, sakafuni, mpaka rangi inakuwa moja. Nikishakisafirisha kwa pikipiki kwenye barabara ya makorongo, nafungua gunia nakuta chenga za mahindi zimejaa juu, chokaa na vumbi viko chini. Nikilitikisa zaidi, kitachanganyika tena? – Mfugaji, Kilosa

JIBU: Hakitachanganyika, utazidi kukitenganisha. Ndani ya gunia kila punje imebanwa na jirani zake. Pikipiki ikiruka, inachezacheza palepale, haitoki mpaka jirani wafungue mwanya. Na mianya midogo hufunguka mara nyingi kuliko mikubwa. Chokaa (unga wa mawe ya chokaa, unaowapa kuku kalisi) hupenya ikashuka. Chenga ikirushwa kidogo, vumbi huwahi kujaa chini yake, hivyo hairudi ilipokuwa. Chembe yenye upana mdogo mara 7 kuliko punje zinazoizunguka huchuruzika katikati yao hata bila mtikiso wa maana.

Hasara yake unaiona bandani. Kuku wanaokula cha juu hukosa kalisi na kutaga mayai ya ganda jepesi. Wanaofikia cha chini hupata chumvi kupita kiasi, maana nayo hushuka na vumbi, wakanywa maji mengi na kinyesi kikawa cha majimaji.

Anza na mashine: mahindi yaparazwe madogo zaidi. Katika kilo 8 za chokaa, nusu iwe ya chengachenga. Kisha nyunyizia mahindi lita 1 ya mafuta ya alizeti, geuza, ndipo uweke vitu vya unga ili vinate. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) usiirushe moja kwa moja kwenye lundo: gramu 250 changanya na kilo 1 ya pumba, halafu na kilo 5, ndipo uimwage. Lundo lenyewe lihamishe mara tatu, ukichota kuanzia chini, maana kila ukimwaga kileleni chenga huviringika hadi ukingoni. (Wengi huishia kugeuza juujuu tu, wakaridhika na rangi.) Gunia lijaze, ulishone likiwa limekaza, lililolegea lina nafasi ya punje kurukaruka.

Likifika limejitenga, usichote juu. Mwaga lote, geuza upya. Kupima, chukua vijiko viwili vya juu, vya kati na vya chini, koroga kila fungu kwenye glasi ya maji, subiri dakika 10, ulinganishe unene wa chokaa iliyotuama.

SWALI: Kwa nini debe likitikiswa linameza mahindi zaidi? – Mnunuzi, Kibaigwa

JIBU: Punje zilizomiminwa huegemeana na kuacha matundu. Gololi za ukubwa mmoja, zikimiminwa hivihivi, hujaza takriban asilimia 60 ya chombo. Zikigongwagongwa sana hukaribia 64. Mapigo ya kwanza ndiyo hushusha zaidi, baadaye zinabanana na kushuka polepole mno. Mahindi si gololi, ila mwenendo ni huohuo. Dai mizani.